Bi Mahfoudha na Vijidudu Visivyogusa Tende

Tarehe 31 Desemba 2007, saa nane na nusu mchana, Bi Mahfoudha bint Marhoon atavua koti lake jeupe, atakwenda kulifua mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu na koti lake, na atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba na miezi kumi ya utumishi katika maabara yetu ya mbu hapa Darsait, Maskati. Katika miaka yote hiyo amechelewa kazini mara mbili tu. Mara ya kwanza alikuwa anajifungua. Mara ya pili alisimama njiani kutazama shimo la maji machafu, na habari ya shimo hilo ndiyo karibu yote nitakayoisimulia hapa.

Wasifu rasmi wa Kiarabu umeshachapwa, una picha na muhuri, na mudiri, yaani mkurugenzi wetu, atausoma ukumbini. Huu wa Kiswahili kauomba Bi Mahfoudha mwenyewe, usomwe kwenye chai, sisi kwa sisi. Nilipomuuliza nitie nini ndani yake, akasema nitie ukweli, na nisimpambe kama gari la harusi. Haya, nitajaribu. Mimi Suud, mkuu wa sehemu yake, nimefanya naye kazi tangu mwaka 1986, na mnanijua, maneno machache si fani yangu.

Alizaliwa Pangani mwaka 1947, akasoma mpaka darasa la nane, akaja Maskati mwaka 1974 pamoja na mumewe, Bwana Hamoud, ambaye leo yupo hapa mstari wa mbele na ambaye ugonjwa wake wa sukari tutauhitaji katika hadithi hii muda si mrefu. Tarehe 1 Machi 1980 Bi Mahfoudha aliajiriwa kuosha chupa. Aliziosha vizuri mno, na kila chupa aliuliza ilikuwa na nini, kwa nini imenuka, na kwa nini ya jirani yake haikunuka. Baada ya miaka mitano ya maswali, mkubwa wetu wa wakati huo alichoka kujibu, akaona afadhali amfundishe kazi yenyewe. Ndivyo alivyopata cheo cha fundi wa maabara, na kazi ya kupika.

Nasema kupika kwa maana yake halisi. Bakteria hawaishi kwa hewa. Ukitaka kuwafuga inabidi uwapikie mchuzi, uuchemshe kwenye jiko la mvuke mpaka kila kisichotakiwa kife, uupoze, kisha ndiyo uwatie ndani uwapendao. Benedikta, anayetusafishia ofisi na ambaye kwao ni Bukoba, aliwahi kuniambia kwamba katika nyumba zote alizofanya kazi hapa mjini hajaona wageni wanaopikiwa kwa adabu kama vijidudu vya Bi Mahfoudha.

Sasa lile shimo. Ilikuwa Oktoba 1996. Nyuma ya gereji moja hapa Darsait palikuwa na maji yaliyotuama, mafuta juu, na mbu wa kutosha mtaa mzima. Bi Mahfoudha alipita hapo kila asubuhi, na kila asubuhi alichungulia. Siku hiyo akakuta viluwiluwi vya mbu vimelala chini, vimekufa vyote, wala hakuna mtu aliyepuliza dawa. Mtu mwengine angemshukuru Mungu akaenda zake. Yeye alimgongea mwenye gereji, akaomba chupa tupu ya jemu, akachota. Akaingia kazini saa mbili na robo, viatu vimelowa, akaniwekea ile chupa juu ya gazeti nililokuwa nikilisoma.

Ndani ya maji yale tulimkuta bakteria ambaye vitabu vinamwita Bacillus sphaericus. Ana tabia ya ajabu, na naomba mnivumilie kidogo maana bila ya tabia hiyo hakuna hadithi. Chakula kikiwapo, anakula na kuzaana. Chakula kikimwishia, anajifungia ndani ya mbegu ngumu iitwayo spora, inayostahamili joto, ukavu na dhiki nyengine zote, akangojea siku njema. Na wakati ule ule anapojifungia ndipo anapotengeneza sumu. Mtu akiimeza hamna kitu. Kiluwiluwi cha mbu kikiimeza pamoja na spora, utumbo wake unaharibika, kinaacha kula, kinakufa, na bakteria wanaamka ndani ya mzoga wanauanza upya ukoo. Yote haya yanafanyika kwenye maji machafu, na hayo ndiyo maji wanayoyapenda mbu wetu wa mjini.

Wakati huo tulikuwa tukinunua unga wa kuulia viluwiluwi kutoka nje. Unga ulishuka Bandari ya Sultan Qaboos, na ukija wakati wa joto la Julai, sumu yake imeshachoka kabla haujafunguliwa. Mudiri wa siku hizo, Bwana Aws, akapenda wazo la kumfuga huyu mwenyeji wa Darsait. Akatupa chumba, kabati la joto la kukuzia vijidudu, na muda: mpaka kabla ya Idi ya Ramadhani, yaani Januari 1998. Tukifaulu, chumba chetu. Tukishindwa, chumba kinarudi kwa idara na watu wanagawanywa.

Maana ya kugawanywa kila mmoja aliijua. Sisi wenye shahada tungepata meza nyengine. Asiye na shahada angepelekwa Wattaya, kwenye ghala la mafaili ya zamani, chumba kisicho na dirisha. Na katika sehemu yetu asiye na shahada alikuwa mmoja. Bi Mahfoudha alikuwa na miaka hamsini. Alisema riziki ni riziki na angekwenda, lakini mimi nilimwona namna alivyokuwa akiifuta darubini kila alasiri kabla ya kwenda nyumbani, na nilijua anaogopa.

Tukaanza mwanzoni mwa 1997, na mimi ndiye niliyekosea. Mgeni akiingia nyumba ya Kiomani huwekewa tende na kahawa kabla hajaulizwa kaja kufanya nini. Nami nikawaza hivyo hivyo. Nchi imejaa tende, asali ya tende rahisi, tamu, ina sukari tele. Kijidudu gani kitakataa? Kabla ya hapo tulikuwa tumemfuga binamu yake, bakteria mwengine anayeua viluwiluwi, na huyo sukari ndiyo maisha yake. Nikaandika kanuni ya mchuzi: kidogo hiki, kidogo kile, na asali ya tende kwa wingi. Bi Mahfoudha akapika nilivyoandika.

Hawakukua. Walianza kidogo siku ya kwanza, kisha wakakaa tu. Nikasema chupa chafu. Akaziosha zote upya. Nikasema jiko la mvuke bovu. Likaja fundi, akalifungua, akasema zima. Nikasema asali ya tende haikuchujwa vizuri, tukaichuja kwa vitambaa mpaka chumba kizima kikawa kinanata na sisi wenyewe tukaandamwa na nzi. Machi hiyo, Aprili hiyo, mpaka Desemba mchuzi bado uko vile vile, mwangavu, unanitazama. Nilikuwa nimeongeza asali mara tatu, maana mgeni asipokula, mwenyeji hudhani kaandaa kidogo.

Basi ilikuwa mwishoni mwa Desemba, Shaaban inakwisha. Asubuhi moja Bi Mahfoudha akaja na kikopo kidogo cha dawa kutoka nyumbani. Ndani mlikuwa na vile vijikaratasi ambavyo Bwana Hamoud alivitumia kupimia sukari kwenye mkojo: unachovya, rangi inageuka, unaijua hali yako. Alichukua tone la mchuzi uliopikwa siku hiyo, akaliongeza maji mengi, akachovya. Akachukua tone la mchuzi ambao wale bakteria wetu walikuwa wamekaa nao siku tatu, akaliongeza maji kiasi kile kile, akachovya. Halafu, na hapa ndipo napomvulia kofia, akafanya hivyo hivyo kwa mchuzi ule ule wa tende aliokaa nao yule binamu. Akavipanga vijikaratasi vitatu juu ya kitambaa cheupe, akaniita.

Cha mchuzi mpya kilikuwa kimekolea rangi. Cha binamu kimepauka, sukari imeliwa. Cha bakteria wetu kilikuwa sawa kabisa na cha mchuzi mpya.

“Suud,” akaniambia, “wageni wako hawajagusa tende.”

Niliona haya, sitaki kuficha. Nilikwenda kwenye kabati la vitabu, nikafungua ukurasa ambao nilipaswa kuusoma mwezi wa Februari, na pale imeandikwa wazi. Vimeng'enya vya kuivunjia sukari huyu bakteria hana. Wamwekee sukari, wamwekee hewa, yeye ni kama mtu asiye na meno aliyewekewa muwa. Chakula chake ni protini, nyama na samaki, na katika hiyo ndimo anamopata nguvu na kila kitu. Mimi mwenye shahada nilikuwa nimemlisha kwa ukarimu miezi kumi kitu asichoweza kukila.

Bi Mahfoudha hakunicheka siku ile. Alinicheka baadaye, na anaendelea mpaka leo. Siku ile alivaa shela yake, akateremka sokoni Mutrah, akarudi na mfuko wa dagaa wakavu.

Wakati dagaa wanaanza kuchemshwa, mwezi ukaandama. Fikirini wenyewe: mchana wa Ramadhani, ghorofa nzima imefunga, na kutoka chumba cha mwisho unatoka mvuke wa dagaa. Saa tano bawabu wetu Loay alipanda ngazi kwa hasira, kaja kumkamata anayekula mchana. Akamkuta Bi Mahfoudha, amefunga, tasbihi mkononi, anasimamia sufuria. Akaelezwa kwamba futari hii si ya watu. Sidhani kama aliamini, kwa sababu wiki nzima alikuwa akipanda kila saa tano. Benedikta, ambaye hafungi na ambaye kwao dagaa ni chakula cha heshima, alisema harufu ile ilimtesa kuliko sote.

Lakini walikula! Kufika siku ya pili mchuzi ulikuwa umegeuka maziwa. Nilifurahi mpaka nikamwalika mudiri aje kutazama, akaja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka. Tukavitia viluwiluwi kwenye beseni pamoja na mchuzi ule. Kesho yake vinaogelea. Keshokutwa vinaogelea, na vimenenepa.

Hili la pili lilikuwa kosa langu pia, na lina asili moja na la kwanza. Kila nikipita mbele ya kabati la joto nilikuwa naongeza mchuzi. Mudiri alitaka kuona chati inapanda, na bakteria wakiwa wengi chati inapanda. Asubuhi naongeza, adhuhuri naongeza. Sahani ya mgeni isionekane tupu. Bi Mahfoudha aliwatazama bakteria kwenye darubini akaona wako wengi, wanene, na hakuna hata mmoja aliyefunga spora. Pasipo spora hapana sumu. Akaniuliza, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kelele, mtu aliyeshiba atajifungia ndani kwa sababu gani?

Akanipokonya ufunguo wa kabati. Nasema kweli, fundi wa maabara alimpokonya mkuu wa sehemu yake ufunguo, na mkuu wa sehemu akampa. Akaandaa mchuzi mpya wa kipimo, akawatia, akafunga, na siku mbili hakuna aliyeongeza hata tone. Chakula kikawaishia. Siku ya tatu akaniita kwenye darubini. Kila bakteria alikuwa amevimba upande mmoja, na pale kwenye uvimbe pana duara linalong'aa, spora yenyewe, mithili ya kijiti cha kupigia ngoma. Nimesoma miaka minne ng'ambo na nilikuwa nimeviona kwenye picha tu. Yeye alikuwa amekwisha kuviona tangu asubuhi, lakini alisubiri mpaka nije nivione mwenyewe.

Jumatano, tarehe 21 Januari 1998, siku tisa kabla ya Idi, Bwana Aws alikuja na watu wawili wa idara kushuhudia. Tuliandaa mabeseni mawili, viluwiluwi mia katika kila moja. Beseni moja likapewa mchuzi wa Bi Mahfoudha asubuhi saa moja, la pili maji matupu. Saa saba wageni wakainama kutazama. Viluwiluwi vilikuwa vinaogelea katika mabeseni yote mawili. Mmoja wa wale watu akafunga kalamu yake. Bwana Aws alinitazama kwa huruma, na huruma ya mudiri si kitu kizuri. Akasema labda sasa tuzungumze habari ya chumba.

Nilikuwa nimezoea yule binamu anayeua kwa saa chache, na moyoni nilikuwa nimeshakubali kwamba tumeshindwa. Bi Mahfoudha hakukubali. Alikuwa amevichungulia viluwiluwi asubuhi yote kwa kioo cha kukuzia, na ameona jambo ambalo sisi tuliosimama wima hatukuliona: vile vya beseni la kwanza vilikuwa vinaogelea, lakini midomo yao imetulia. Vimeacha kula.

“Nipeni mpaka Jumamosi,” akawaambia. “Bakteria hawa hawana pupa.”

Wakatazamana. Alhamisi na Ijumaa ilikuwa mapumziko hata hivyo, kwa hiyo hawakuwa na la kupoteza. Wakampa. Sijui wao waliutumiaje mwisho wa wiki ile. Mimi sikulala vizuri, na nasikia Bi Mahfoudha alipika futari ya watu ishirini, kwa sababu akiwa na wasiwasi hupika.

Jumamosi alitangulia yeye kufika. Nilimkuta amekaa kwenye kiti, mikono kwenye mapaja, beseni mbele yake. Tulihesabu pamoja na wageni wakiwa wamesimama. Beseni la maji matupu, tisini na nane hai. Beseni la mchuzi, hai watatu, na mmoja kati ya hao watatu alitufia tukiwa bado tunabishana kama anahesabiwa. Bwana Aws alisema tu alhamdulillahi, akamuuliza Bi Mahfoudha chumba kinahitaji nini zaidi. Akajibu kinahitaji dirisha la kutolea mvuke, kwa ajili ya majirani.

Dirisha lilikuja, na kazi ikaendelea miaka kumi. Amewafundisha vijana wasiopungua kumi na wanne, kina Wijdan na Balqees mnaowaona hapa ni wake, na kila mmoja siku ya kwanza alipewa chupa ya kuosha na kuulizwa ilikuwa na nini. Amepima kama bakteria watakula papa mkavu (wanakula), kama watakula maganda ya uduvi (wanakula kwa kinyongo), na mwaka 2003 alijaribu pia halua ya Idi, ili tu aone wataikataa vipi. Juni mwaka huu, kimbunga kilipotuachia maji kila bonde, alifika kazini siku kumi na tisa mfululizo, akiwa na miaka sitini, na mapipa ya mchuzi wake yakapelekwa Wattaya na kwengineko. Swali moja limemshinda na ametuachia sisi: bakteria anajuaje kwamba chakula kinakaribia kwisha, kabla hakijaisha? Anasema tukipata jibu tumpigie simu, hata akiwa msikitini.

Aliniambia nitie ukweli, na kuna ukweli ambao wasifu wa Kiarabu hauna.

Desemba 1997, kabla ya vile vijikaratasi, Bwana Aws aliniomba nimwandikie mapema jina la mtu ambaye sehemu yangu inaweza kumwachia. Ningeweza kukataa. Ningeweza kuomba muda. Niliketi nikaandika: Mahfoudha bint Marhoon, darasa la nane, apelekwe Wattaya. Nikasaini. Sikuona vibaya hata, niliona napunguza hasara. Yeye alikuwa ameleta chupa ya jemu iliyoanzisha kazi yote, na mimi nilikuwa nimeiharibu kwa asali ya tende, na jina nililoandika lilikuwa lake.

Nimekaa na jambo hili miaka kumi. Wiki iliyopita, nilipoanza kuandika wasifu huu, nikaona siwezi kuupamba juu ya uongo, nikaenda nikamwambia. Alikuwa anasuuza chupa. Aliendelea kusuuza.

“Nnajua,” akasema. “Ile karatasi uliisahau kwenye mashine ya fotokopi, mimi ndiye niliyekurejeshea mezani. Nilikasirika, Suud, nisikufiche. Nililia mpaka Hamoud akaniuliza nani kafa. Lakini kulipokucha nikataka kujua kwa nini wageni wako hawali.”

Nilikwenda ofisini kwangu nikafunga mlango.

Kwa hiyo Bi Mahfoudha, mbele ya mumeo na mbele ya hawa wote uliowalea, nakuomba radhi. Ahsante kwa kutupikia, kwa kutuuliza, na kwa kutusubiri tujionee wenyewe. Mungu akupe afya wewe na Bwana Hamoud, akupe umri wenye utulivu na asubuhi zisizo na haraka. Na mlango wa chumba hiki nilichotaka kukutoa, wewe usiupigie hodi. Ingia tu.